MASHINE IKIINGIA CHAMANI, MFANYAKAZI AENDE WAPI?



Katika ziara zangu za ukaguzi nimekuwa nikiulizwa swali moja chama hata chama. Haliulizwi mkutanoni mbele ya kamati. Huulizwa nje, chini ya mwembe, wakati nafunga mkoba wangu ili niondoke. Kibarua au karani hunisogelea na kuniambia: "Ndugu mkaguzi, hizo mizani zinazoandika zenyewe zikifika, sisi tutakwenda wapi?"

Swali hili ni la haki, na jibu la "serikali itaangalia" halitoshi. Makala hii yajaribu kueleza jinsi mashine inavyoondoa kazi, kwa nini kumfundisha mtu kazi nyingine ni jambo gumu, na chama cha ushirika kifanye nini kabla ya kutia sahihi hati ya ununuzi.

Nilivyokosea mimi mwenyewe

Yafaa nianze na kosa langu. Miaka michache iliyopita chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja jina, kilinunua mizani ya kidijitali. Kabla ya hapo mapokezi ya ghalani yalifanywa na watu watano: mzee aliyepima, dada aliyeandika stakabadhi, karani aliyejumlisha leja kila jioni, na vibarua wawili waliobeba magunia. Mizani mpya ilipima, ikachapa stakabadhi na kuweka hesabu, yote kwa mara moja. Karani wa leja akafundishwa kuitumia, kibarua mmoja akabaki, na watu watatu wakaambiwa kwamba kazi imekwisha.

Nilipokagua hesabu za mwaka ule niliona kwamba gharama za mapokezi zimeshuka na malalamiko ya vipimo yametoweka. Nikaandika katika taarifa yangu kwamba uamuzi wa kamati ulikuwa wa busara. Sikuuliza wale watatu wamekwenda wapi. Katika karatasi zangu za ukaguzi hapakuwa na mahali pa kuandika jambo hilo, nami sikuongeza.

Msimu uliofuata kahawa ya chama kile ilipata daraja la chini na bei ya chini. Tulipochunguza tuligundua kwamba kahawa nyingi ilikuwa imepokelewa ikiwa na unyevu. Mizani ilipima sawasawa kabisa, lakini ilipima maji pamoja na kahawa. Yule mzee mpimaji alikuwa na desturi ya kutia mkono guniani, kuuma punje na kusikiliza mlio wake, kisha kumwambia mkulima: "Rudi nayo nyumbani, ianike siku mbili zaidi." Kazi hiyo haikuandikwa popote kuwa ni kazi yake, kwa hiyo alipoondoka hakuna aliyejua kwamba imeondoka pamoja naye.

Mashine si adui

Ndugu zangu, nisieleweke kwamba napinga mashine. Kila mkulima anayesoma makala hii anajua machungu ya mizani ya zamani: kilo mbili zimepotea hapa, kilo tatu pale, na stakabadhi yenye tarakimu zilizofutwa na kuandikwa upya. Mwanachama ndiye mwenye chama, na ana haki ya kupata kipimo cha kweli na hesabu isiyochelewa. Chama kinachokataa chombo bora kwa sababu tu ni kipya kinawanyima wanachama wake haki hiyo.

Lakini na tukumbuke jambo lingine. Katika kampuni, mwenye mali yuko mbali na mfanyakazi. Katika chama cha msingi, mwanachama na mfanyakazi aghalabu hula chungu kimoja. Dada aliyeandika stakabadhi ni binti wa mwanachama. Kibarua aliyebeba magunia ana mama mwenye mibuni mia mbili. Fedha ambayo chama kinaiokoa kwa kumwondoa mtu huweza kutoka tena katika nyumba ile ile, ikiwa ada ya shule isiyolipwa au shamba lililowekwa rehani.

Habari kutoka Kericho

Ili tuone jambo hili likifika mbali linakuwaje, tuwatazame jirani zetu wa Kericho nchini Kenya. Kwa miaka mingi mashamba makubwa ya chai ya huko yaliajiri wachumaji wa mikono kwa maelfu. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Huchuma majani mawili na chipukizi, hutupa kikapuni, na jioni hupimiwa. Wengi wao hukaa katika nyumba za kambi za shamba lenyewe, watoto wao husoma katika shule za shamba na kutibiwa katika zahanati ya shamba.

Kisha zikaja mashine za kuchumia. Mashine ndogo hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, na visu vyake hukata majani na kuyapeleka katika mfuko ulio nyuma. Hubeba pia majani magumu na vijiti ambavyo mkono ungeviacha, lakini kwa siku moja hufanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Oktoba 2010 chama cha wafanyakazi wa mashambani nchini Kenya kiliitisha mgomo wa kuzipinga. Ubishi haukwisha. Mwaka 2023 kamati iliyoundwa na serikali ya Kaunti ya Kericho ilikadiria kwamba kazi 30,000 zilipotea katika kaunti hiyo kwa muda wa miaka kumi kwa ajili ya mashine hizo. Mwezi wa Mei mwaka huo huo watu wenye hasira waliingia mashambani na kuzichoma moto mashine, na damu ya binadamu ikamwagika.

Angalieni kilichopotea. Mchumaji wa Kericho hakupoteza mshahara peke yake. Siku moja alipoteza mshahara, nyumba, shule ya watoto na zahanati. Mtu wa namna hiyo ukimwambia, "Njoo Jumatatu darasani tukufundishe ufundi," atakuuliza kwanza Jumapili atalala wapi. Moto wa Mei 2023 uliwashwa baada ya miaka mingi ya watu kuondolewa wakiwa hawana pa kwenda.

Fundisho la makuli wa Marekani

Je, kuna mahali ambapo jambo hili lilipangwa mapema? Pako, nako ni bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, karibu na New York, ikielekea Houston. Ilichukua makontena 58. Kabla ya hapo kila gunia na kila kasha vilipakiwa kwa mabega ya watu, na meli iliweza kukaa bandarini siku nyingi. Kontena lilipoenea, kazi ya makundi mazima ya makuli ikafanywa na winchi moja.

Katika pwani ya magharibi ya Marekani makuli walikuwa na chama chao imara, kikiongozwa na Harry Bridges. Walitambua kwamba hawataweza kuzuia mashine milele, wakaamua kuuza ruhusa yao kwa bei. Mwaka 1960 walitia sahihi mkataba na wenye meli. Wenye meli wakapewa uhuru wa kuleta mashine, nao wakakubali kuchangia mfuko wa dola milioni 29 kwa muda wa miaka mitano na nusu. Makuli walioandikishwa rasmi wakahakikishiwa kwamba hawataachishwa kazi kwa sababu ya mashine, na wazee wakaweza kustaafu mapema wakiwa na kitu mkononi.

Jambo la kujifunza hapa ni wakati. Mkataba ulitangulia, mashine nyingi zikafuata. Makuli walijadiliana wakiwa bado wana kazi, na kwa hiyo walikuwa bado wana kitu cha kutoa. Lakini mkataba ule ulikuwa na ila moja kubwa: uliwalinda walioandikishwa rasmi, na vibarua wa siku wakaachwa nje. Kwetu sisi, ambao kazi nyingi za vyama hufanywa na vibarua wa msimu, ila hiyo ndiyo tunayopaswa kuiogopa zaidi.

Kwa nini mafunzo mara nyingi hushindwa

Wengi husema, "Basi wafundishwe kazi nyingine." Neno hili ni jepesi kulitamka. Katika kazi yangu nimeona mafunzo yakishindwa kwa sababu nne.

Kwanza, huja yakiwa yamechelewa. Mshahara umekoma, akiba imekwisha, na mtu anahangaikia chakula cha leo. Hawezi kukaa darasani miezi mitatu bila kipato. Atahudhuria wiki ya kwanza, ya pili ataonekana siku mbili, ya tatu atakuwa amekwenda kuvunja kokoto.

Pili, hufundisha kazi isiyokuwapo. Yule dada wa stakabadhi wa chama nilichokitaja alitafutiwa mafunzo ya kompyuta ya wiki mbili mjini, baada ya kuachishwa. Alifaulu, akapewa cheti. Aliporudi, kompyuta ya pekee katika kata ilikuwa ile ya chama, na mwenye kuishika alikuwa mwingine. Cheti kile kimo sandukuni hadi leo. Nimeona pia kijiji ambacho watu kumi walifundishwa ushonaji kwa mara moja. Kijiji kile kingeweza kulisha mafundi cherehani wawili.

Tatu, hudai elimu ambayo mfanyakazi hakuwahi kupewa. Marekani ilitunga sheria ya mafunzo ya kazi mwaka 1962, hasa kwa ajili ya watu walioondolewa na mashine. Haukupita muda ikaonekana kwamba wengi wenye shida kubwa hawakuwa na kisomo cha kutosha kufuata mafunzo yenyewe, na mwaka 1963 sheria ikapanuliwa ili kufundisha kusoma na kuandika. Sisi hapa Tanzania tuna historia yetu ya jambo hilo. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika mikoa ya Ziwa watu walisomeshwa kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe, kama vile kilimo cha pamba. Siri yake ilikuwa hiyo: mtu mzima hujifunza jipya kwa kulishika mkia wa lile analolijua.

Nne, huchaguliwa watu wasiohusika. Nafasi ya mafunzo ikitokea, hupewa kijana mwenye kusoma upesi, au jamaa wa mjumbe wa kamati. Mzee aliyepoteza kazi huambiwa umri umepita. Mama mwenye mtoto mchanga huambiwa chuo ni cha bweni. Mwisho wa yote taarifa husema kwamba watu wamefundishwa, nayo haisemi uongo. Waliofundishwa si wale walioachishwa.

Mafunzo yaliyofaulu

Sasa niwamalizie habari ya yule mzee mpimaji. Baada ya hasara ya kahawa yenye unyevu, kamati ilimwita. Hawakumrudishia mizani. Walinunua kipima unyevu, chombo kidogo kinachoshikwa mkononi, wakamwomba awe mpokeaji wa ubora. Niliogopa kwamba atashindwa, kwa kuwa alisoma kwa shida. Nilikosea tena. Siku ya kwanza aliuma punje, akasema, "Hii bado." Chombo kikaonyesha zaidi ya asilimia 12. Akauma nyingine, akasema, "Hii imekauka." Chombo kikakubaliana naye. Kwa siku chache akawa anazifahamu tarakimu zile vizuri, kwa maana kila moja ilikuwa jina jipya la kitu ambacho meno yake yalikifahamu kwa miaka thelathini.

Mafunzo yake yaligharimu kidogo kuliko ya dada wa stakabadhi, nayo yalizaa matunda kwa sababu mbili: yalijengwa juu ya ujuzi aliokuwa nao, na kazi ilikuwa ikimngojea. Dada yule hakupata hata moja ya hayo mawili, wala hakosi akili. Yule kibarua wa magunia aliondoka kijijini, na chama hakina habari zake.

Vyama vyetu vifanye nini

Fundisho langu ni moja: bei ya mashine haijakamilika mpaka gharama ya kumpeleka mtu kwenye kazi nyingine iwe imeingizwa ndani yake. Kama vile tunavyohesabu usafirishaji na vipuri, tuhesabu na hili, katika bajeti ile ile na mkutano ule ule.

Natoa mfano wa hesabu, tarakimu zikiwa za kuonyesha njia tu. Chama kimewaondoa watu watatu waliolipwa shilingi 200,000 kila mmoja kwa mwezi, katika msimu wa miezi sita. Chama kitaokoa shilingi 3,600,000 kwa msimu. Kikitenga theluthi moja ya akiba hiyo kwa misimu miwili tu, kitapata shilingi 2,400,000. Nusu ya mshahara kwa watu watatu kwa miezi minne ya mafunzo ni shilingi 1,200,000. Zinabaki shilingi 1,200,000 za karo na vifaa, yaani 400,000 kwa kila mtu. Chama kitangulize fedha hizo wakati wa kununua mashine, kisha kijirudishie kutokana na akiba. Theluthi mbili zilizobaki, na akiba yote ya misimu inayofuata, ni za wanachama.

Wako watakaosema kwamba sheria imekwisha kuweka kiinua mgongo, na hiyo yatosha. Tuitazame. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kima cha chini cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, hadi kikomo cha miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 10 anastahili siku 70. Aliyefanya kazi miaka 25 naye, kwa kima hicho, anastahili siku 70. Siku 70 hazimfikishi mtu kwenye ufundi mpya. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema na kushauriana nao juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, na jinsi ya kuwachagua. Makatibu, shauri hilo si hisani. Ni wajibu, na lifanyike kabla ya uamuzi.

Tena tutumie nguvu ya kuwa wengi. Huko Mondragon, katika nchi ya Wabaski nchini Hispania, padri José María Arizmendiarrieta alianzisha shule ya ufundi mwaka 1943. Kiwanda cha kwanza cha ushirika kilianzishwa na wanafunzi wake mwaka 1956. Shule ilitangulia kiwanda kwa miaka 13. Mwaka 2013 chama kimoja kikubwa cha huko, kilichotengeneza vyombo vya nyumbani, kilifilisika. Wanachama wengi waliokuwa wakifanya kazi ndani yake walihamishiwa katika vyama vingine vya muungano ule ule. Nasi tuko chini ya muungano mmoja. Chama kimoja kikiwa na karani wa ziada, cha jirani huenda kinamtafuta. Anayeweza kulijua hilo ni katibu, endapo atawaandikia wenzake.

Kwa hiyo, chama kinapofikiria kununua mashine, naomba maswali haya yaulizwe katika mkutano mkuu na majibu yake yaandikwe katika muhtasari:

(a) Ni watu wangapi, kwa majina, ambao kazi yao itapungua au kuondoka, wakiwamo vibarua wa msimu?

(b) Kila mmoja wao anajua nini ambacho mashine haikijui?

(c) Ni kazi gani iliyopo, katika chama hiki au cha jirani, ambayo ataifanya baada ya mafunzo? Kama haipo, mafunzo yasianze mpaka ijulikane.

(d) Wakati wa mafunzo atakula nini, na nani atalipa?

(e) Mafunzo yatakwisha lini, na mashine itawashwa lini? Tarehe ya kwanza itangulie ya pili.

Waasisi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, baadhi yao walikuwa wafumaji katika mji ambao mashine za kufuma zilikuwa zimewanyang'anya watu wa vitanda vya mkono riziki yao. Baadaye waliweka kanuni ya kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Elimu na mafunzo ni miongoni mwa misingi ya ushirika hadi leo. Ushirika, basi, ulianzishwa na watu waliolijua swali hili kwa maisha yao wenyewe.

Nami kwa upande wangu nimeongeza mstari katika karatasi zangu za ukaguzi. Panapoandikwa mali mpya ya chama, chini yake nitaandika majina ya watu ambao kazi yao imeguswa, na mahali walipo sasa. Makatibu, nitakapofika kwenu, tafadhali muwe na majibu.

Ushirika udumu.